Wiki ya Kuipima Projekta
Wiki ile nililichukia giza kuliko kitu chochote. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa Jumatatu, chumba chetu cha Makadara kilikuwa na balbu moja tu, na kila jioni baba aliizima.

Baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao. Mzungu huyo alimpa projekta yake ya sinema, mashine ghali ajabu, aje nayo nyumbani aipime. Akiridhika, ni yake. Asiporidhika, airudishe apewe kabati la vyombo. Mama alikuwa ameshachagua kabati bila kuulizwa.

Kupima kwenyewe kulikuwa kifungo. Mlango ulipigwa komeo ili watoto wa jirani wasituingizie mwanga, dirisha likazibwa kwa blanketi, shuka likatundikwa ukutani. Taa ya mashine ilitoa joto kama jiko la makaa. Choo kilikuwa nje, na kwenda huko ilibidi upite mbele ya picha. Ukipita, baba anaguna. Nikajifunza kubana.

Mkanda ulikuwa mmoja: mzungu na jamaa zake wakila bustanini. Mtoto anapuliza mishumaa, mbwa anaiba nyama, wote wanacheka bila sauti. Tuliutazama mpaka nikawa namjua mbwa yule kuliko mjomba wangu. Mama alininong'oneza kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mgeni huyu wa mezani, mashine, hata kufagia hajui.

Baba hakutosheka. Alifuta lenzi kwa pindo la shati, akasogeza meza, akazungusha lenzi huku na huku.

"Nyeupe inatoka sawasawa," alisema. "Ona hiyo kitambaa ya meza."

Kisha akaurudisha mkanda mwanzo. Nilimkasirikia vibaya sana. Kitabu cha hesabu nilikuwa nimekikalia, na nilihisi miaka yangu yote ya shule ikiyeyuka chini yangu katika joto lile.

Jumamosi akataka uamuzi wetu. "Haya, semeni. Picha iko aje?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mbaya, liwalo na liwe. Lakini subira ilikuwa imeniishia, nikajikuta nauliza, "Baba, kwani kila siku unatafuta nini hapo?"

Aliuendesha mkanda tena, akaenda mwenyewe ukutani, akagusa shuka kwa kidole. Nyuma ya meza, kando ya gari, alisimama mtu aliyevaa kofia ya udereva. Kofia ilionekana. Vifungo vya koti vilionekana. Kati ya kofia na kola palikuwa peusi tu.

"Huyu ni mimi," akasema. "Hiyo siku nilikuwa nacheka."

Mama, aliyelisubiri kabati wiki nzima, aliongea polepole. "Mzee, mashine haina makosa. Ni vile walikupiga picha."

Baba alibaki pale, bustani ya watu ikimwangukia kifuani, mbwa akikatiza begani mwake. Halafu akachomoa waya wa mashine, akawasha balbu.

"Soma, mama," akaniambia.

Nikafungua kitabu. Mwanga ule nilikuwa nimeutaka wiki nzima, na sasa ulionyesha uso wote wa baba, nami sikuweza kumtazama.