Kobe wa Bwawani na Maji ya Baraka

Mimi sijui kuogelea. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu kila anayesikia kazi yangu huniuliza, nami nimechoka kuulizwa. Nimezaliwa Namswea, kwenye kahawa na mahindi, mahali ambapo maji ni ya kunywa, ya kufulia na ya kuoshea kahawa, na mtu mwenye akili timamu haingii ndani yake kupita magoti. Kisha nikashuka ziwani nikapata kazi ya kutunza bwawa la kuogelea kwenye hoteli moja ya ufukweni, nje kidogo ya Mbamba Bay. Upande wa kina kifupi nilikuwa naingia mwenyewe na brashi. Upande wa kina kirefu niliushughulikia kwa fimbo ndefu, nikiwa nimesimama nchi kavu.

Wenyeji wa kule walilicheka lile bwawa tangu linachimbwa. Ziwa lote lile, la bure, limejaa mpaka Malawi, halafu watu wanachimba shimo pembeni yake, wanajaza maji, wanayatia dawa, na wanatoza kiingilio? Wageni wanasema ziwani kuna mamba. Tangu nifike sijamwona mamba huyo, ila simsemi vibaya, maana ndiye anayenilisha.

Siku moja mwenye hoteli, ambaye anaishi Dar na huja kwetu kulalamika, akatuma roboti ya kusafisha bwawa. Ilikuja kwa basi ikiwa ndani ya boksi lililoandikwa kila lugha isipokuwa yetu. Ilikuwa na ukubwa wa beseni la kufulia, ina mikanda ya mpira ya kutembelea, brashi tumboni, na waya mrefu wa buluu unaokwenda kwenye kiboksi cha umeme kinachokaa nje, ukingoni mwa bwawa. Unaitumbukiza, unabonyeza, inashuka chini, inatambaa sakafuni na kupanda kuta huku ikinyonya uchafu. Jikoni wakaiita kobe, na jina likakaa.

Watu walidhani sasa nitalala. Waje waone. Kobe hashiki kazi mpaka umtoe hewa kwanza: unamlaza ubavu majini, unasubiri mapovu yaishe, ndipo unamwachia azame. Usimvute kwa waya, utauvunja ndani kwa ndani. Waya wenyewe ukijisokota, kobe anazunguka mahali pamoja kama mlevi, na wewe unaunyoosha juani kipande kwa kipande. Kichujio kinaoshwa kila akitoka, kwa mpira wa maji, bila kukisugua. Na pangaboi yake, ile feni ndogo inayovuta maji, lazima uifungue, kwa sababu wageni wetu wanaogelea na rasta vichwani, na rasta zikichomoka zinaenda kujiviringisha pale pale. Tumboni mwake nimetoa hereni, plasta, kope za bandia na rozari. Sijui ni nani aliyeogelea na rozari, ila namwelewa.

Sasa balaa lilianzia hapo hapo kwenye kutambaa. Muuza samaki mmoja aliyekuwa akituletea mbasa alfajiri alipita bwawani kabla watu hawajaamka. Aliona kitu kinatembea chini ya maji, kina taa ya buluu, kinapanda ukuta, kinashuka, wala hakuna mtu. Akaweka ndoo chini, akaangalia, akaibeba tena ndoo yake na kuondoka bila kusema neno. Neno alikwenda kulisema kwenye gari la kupanda Mbinga. Habari ikafika Namswea kabla ya samaki: kijana wa mjane fulani anafuga ndondocha hotelini.

Ndondocha, kwa asiyefahamu, ni mtu ambaye inaaminika amechukuliwa kichawi. Kwao wameshamzika na matanga wamemaliza, kumbe yuko kwa bwana wake anafanya kazi usiku na mchana, hana mshahara, hana ulimi wa kulalamikia. Kusema kweli maelezo hayo yanamfaa kila mfanyakazi wa hoteli ninayemjua. Nilicheka sana niliposikia. Nilicheka mpaka mama aliponipigia simu.

Mama yangu anaishi peke yake tangu baba afariki. Ana kahawa yake, ana magoti yanayomsumbua, na ana jumuiya, yaani zile familia jirani za Kikatoliki zinazosali pamoja kila wiki, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Wiki hiyo ilikuwa zamu yake.

"Nilipika," akaniambia. "Nikachemsha chai sufuria kubwa. Nikaazima viti shuleni."

"Wakaja wangapi?"

"Alikuja kuku wa jirani."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Angelia ningejua la kufanya. Nilimwona kichwani mwangu amekaa katikati ya viti vya watu, chai inapoa, anasubiri asikie hodi mlangoni. Mwenyekiti wa jumuiya, mama ambaye amekunywa chai nyumbani kwetu tangu sijaota meno, alikuwa amepita kwa kila mtu kusema kwamba nyumba yenye ndondocha haisaliwi. Nilitaka kupanda Namswea siku hiyo hiyo nikamtukane. Mama akanikataza.

"Kwani hilo dude lako limebarikiwa?" akauliza.

"Mama, ni mashine."

"Mashine ya kumenya kahawa nayo ni mashine, na Padre aliibariki. Pikipiki ya mjomba wako ilibarikiwa."

Kwetu kweli ndivyo. Kitu kipya hakianzi kazi kabla hakijapigwa maji ya baraka, kiwe tangi, kiwe trekta. Mimi nilikuwa nimemtumbukiza kobe wangu bwawani bila hata ishara ya msalaba. Basi mama akapanga mambo yake. Padre atashuka ziwani, jumuiya nzima itashuka naye, kobe atabarikiwa mbele ya macho yao, wataona ni chombo, na yeye atarudishiwa watu wake. Hakutaka kingine.

Nilimwomba ruhusa meneja wetu, dada mmoja Mwislamu aliyeletwa kutoka Tanga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Walete," akasema. "Ila viatu wavue kabla ya kukanyaga vigae vyangu."

Wakaja kwa gari la kukodi, wamevaa vitenge vya sare, wakapangana ukingoni mwa bwawa pekupeku, umbali ambao mtu anaweza kukimbia. Mama alikuwa mbele. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka na ameshika mwamvuli. Mwenyekiti alisimama nyuma ya wote, mikono kifuani.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Padre.

"Milele amina."

"Haya, mgonjwa wako yuko wapi?"

"Yuko chini, Padre, anapanda ukuta."

Nilimvuta pembeni nikamwonyesha kiboksi cha umeme na ekstensheni inayokipa umeme. Nikamwambia kobe mwenyewe anaweza kumwogesha anavyotaka, ila hapa naomba asimwage. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza ungamo la tano la siku. Padre wetu huyu ana bustani kubwa nyuma ya nyumba ya mapadre, na mkono wake haujui kunyunyiza. Unajua kumwagilia kabichi.

Akasali vizuri. Akachovya tawi kwenye ndoo, akalipiga bwawa huku na huku. Akawapiga akina mama, akanipiga mimi. Kisha akageuka, akaona taa ndogo inawakawaka kwenye kiboksi, na nadhani alihisi hapo ndipo penye moyo wa kitu. Akachovya tena mpaka kwenye mpini, akakipa kiboksi baraka kamili, pamoja na ekstensheni yake.

Breka ya umeme wa hoteli ikajikata. Friji za jikoni zikanyamaza, redio ya baa ikakatika katikati ya wimbo. Na kule bwawani kobe, ambaye alikuwa amekaribia ukingo wa juu ukutani, akauachia ukuta, akashuka taratibu chali mpaka sakafuni, akatulia. Taa yake ya buluu ikazimika.

"Limetoka!" akapiga kelele mama mmoja.

"Limekimbia! Yesu wangu, nimeliona likitoka!"

Nilimtazama mama. Hakuwa anaangalia bwawa. Alikuwa anawaangalia wenzake wanavyorudi nyuma hatua kwa hatua, wanamwacha peke yake mbele, na uso wake ukawa wa mtu aliyekaa na viti vitupu. Baraka aliyoiomba ndiyo ilikuwa imemhukumu.

Padre ni mtu mkweli. "Jamani," akasema, "nimewalowekea umeme watu wa hoteli. Maji na umeme haviivani, hata yakiwa ya baraka."

"Lakini Padre," akasema Mwenyekiti kutoka nyuma, kwa utulivu, "si linaishi majini?"

Niliwahi kusikia mawakili kwenye redio, hawamfikii yule mama. Linaishi majini mchana kutwa, halafu linakufa kwa tawi moja la maji ya baraka? Nilianza kueleza habari ya kiboksi na waya na nguvu ya umeme iliyopunguzwa, nikaona ninavyozidi kueleza ndivyo wanavyozidi kutafuta viatu vyao. Dawa ilikuwa moja tu: kobe atembee tena, wao wakiwa hapo hapo.

"Haondoki mtu!" nikasema, kwa sauti ambayo mtu hatumii mbele ya Padre.

Meneja ndiye aliyeniokoa. Alikuwa amekaa kwa heshima chini ya paa la baa, akasimama, akatangaza kwamba hotelini kwake mgeni haondoki na njaa, na jikoni kuna usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na ugali unasongwa. Wakasita. Mtu wa milimani hapishani na usipa wa bure. Meneja aliponipitia akaninong'oneza, "Sisi dua tunasoma kwa mbali, bila kumwaga maji."

Wakati wanakula, nilikifungua kiboksi. Maji yalikuwa yameingia kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha. Mama akaja, akatandika khanga kwenye saruji iliyopigwa jua, akakichukua kiboksi mikononi mwangu na kukilaza juu yake. Akakaa kitako na magoti yake mabovu, akawa anakigeuza kidogo kidogo, upande huu, upande ule, jinsi anavyogeuza kahawa chanjani.

"Sasa hivi kinatosha," nikasema baada ya muda.

"Hakitoshi. Kikiwa kibichi ndani kitatuaibisha tena."

Hakuniangalia. Alisema maneno hayo akiwatazama wenzake waliokuwa wanakula mbali naye, na mimi nikawachukia wote, usipa wao ukiwemo. Jua lilikuwa limeshaelekea upande wa Malawi ndipo aliponirudishia kiboksi. Nikaleta ekstensheni nyingine kutoka ofisini, nikafunga kila kitu, nikawaita.

Mwenyekiti alikuja akijifuta mikono. "Na likitembea," akasema, "tutajuaje kama halijarudi lilivyokuwa? Lipigwe maji tena."

Padre akashusha pumzi ndefu. "Ndoo iko wapi?"

Nikamtoa kobe majini kwa ile fimbo yangu ndefu, nikamweka ukingoni. Padre akaacha tawi, akainua ndoo na kummwagia yote mgongoni. Na mama yangu, kwenye jua kali lisilo na hata kipande cha wingu, alikuwa amesimama juu ya kiboksi amekifungulia mwamvuli, anamtazama Padre kwa macho ambayo Mkatoliki hapaswi kumtazamia padre. Nikamlaza kobe ubavu. Mapovu yakaisha. Nikamwachia azame, nikabonyeza.

Taa ya buluu ikawaka. Kobe hakusogea. Huwa anakaa kidogo anajipima kabla ya kuondoka, hilo nalijua vizuri, lakini siku hiyo nilisali Salamu Maria mpaka nikapotea katikati. Kisha akajitikisa, akavuka sakafu, akaukuta ukuta, akaupanda. Vigelegele vikapigwa. Nikamzima, nikamtoa, nikamfungua tumbo mbele yao, nikawaonyesha chakula chake: majani, mchanga, na unywele wa rasta. Mama mmoja akaingiza mkono. Mwingine akagonga mgongo wake kwa kidole akasema ni plastiki.

"Kumbe mashine," akasema Mwenyekiti. Alikuwa na masikitiko kama mtu aliyefiwa.

Nilipopata likizo nikapanda Namswea, na wiki hiyo jumuiya ilikuwa kwetu tena. Nilikuja na mbasa mkubwa. Walijaa. Walijaa mpaka nje chini ya mibuni, na wengine hata hawakuwa wa jumuiya yetu, walikuja kumwona mwenye kobe. Mwenyekiti alikalia kiti cha baba, kile chenye mito. Alitaka kujua kama mashine ile haina ndugu yake wa kuchuma kahawa. Mama akampakulia samaki, kipande cha katikati, kinene, na mimi mleta samaki nikapewa mkia.

Nikamfuata mama jikoni. Nilikuwa nimebeba maneno hayo tangu siku ya ile simu.

"Mama, huyu si ndiye aliyekuzungukia kwa kila—"

"Namjua ni nani. Punguza sauti."

Alikuwa anamimina chai. Alikuwa amepanga kila kikombe cha nyumba ile, hata vile visivyo na mikono, hata kikombe cha baba ambacho hakijaguswa tangu azikwe. Akahesabu kwa kidole, akageukia mlango, akasikiliza zile kelele za watu sebuleni, akahesabu tena.

"Vikombe havitoshi," akasema. "Kimbia kwa jirani ukaazime."

Nikaenda kuazima.