Mlenda wa Dukani

Juzi Mangi, mwenye duka la pale kona, kaniaibisha. Nilifuata kiberiti tu. Nikakuta kasogeza nyuma masoda na mabiskuti yake, mbele kaweka meza: mchicha, nyanya, unga wa uwele, na mlenda mkavu kwenye vifuko.

"Shikamoo bibi. Umeona? Watu wanaambiwa wale vizuri, nami nimeleta."

"Marahaba. Mimi Mgogo ninunue mlenda? Tena niuziwe na wewe Mchaga wa migombani!"

"Basi kachume porini, bibi. Ila pori lenyewe limeshajengwa."

Wateja wakacheka. Nikacheka nami, lakini iliniingia.

Wewe uliyekulia kijijini kama mimi utanielewa. Kwetu Bahi dukani tulitumwa chumvi na mafuta ya taa, basi. Chakula dukani kilitoka wapi? Mvua ikinyesha, mlenda unaota wenyewe katikati ya uwele, tunachuma mpaka vidole vinateleza. Bibi yangu anauanika juu ya tembe, na sisi watoto tunakaa huko huko juu ya paa la udongo kufukuza mbuzi, maana tembe ni fupi, mbuzi anapanda kama anaingia kwao. Kiangazi kikifika, vinu vinalia kila nyumba. Jirani akisikia chetu kimenyamaza, anajua chakula hakiko mbali, anakuja na wanawe bila kuitwa. Chungu kimoja, mikono kibao, mlenda unavutika kutoka chunguni hadi kidevuni, na bibi anafoka, "Kuleni taratibu, nani anawafukuza?" Harufu ile ya karanga na magadi bado ninayo puani.

Nikanunua. Ndiyo, nilinunua, wanaocheka na wacheke. Wajukuu wangu wawili ninaokaa nao hapa mjini wanakula chipsi, kila mmoja na kifuko chake, kila mmoja na simu yake. Nikasema leo tutakaa mkekani sote, tuchovye pamoja, hata kama ni mara moja.

Nikapika. Ukavutika vizuri, Mangi hakuniuzia takataka. Mkubwa akachungulia. "Bibi, mbona kama kamasi?" Nikamwambia kamasi ndizo zilizomkuza baba yake. Akacheka, akaonja kwa ncha ya kidole, akajifuta. Mdogo akasema ameshashiba. Wakaniambia ahsante, kwa adabu kabisa, wakaingia chumbani kwao.

Mangi kafanya jambo jema, sitamsema vibaya. Mboga imerudi mtaani. Waliokuwa wakiizunguka ndio hawajarudi, wengine wamelala Bahi chini ya udongo, na hao hawaletwi na gari la mizigo.

Nilikula mwenyewe hadi nikachoka, na chungu kikabaki nusu. Bibi alinifundisha kupika mlenda, mama akanifundisha, shangazi naye akaongeza lake. Hakuna hata mmoja aliyenifundisha kupika wa mtu mmoja.