Kituo cha Felismina

Jumanne ile Felismina aliiacha meza yake ya samaki pale soko la Arroios bila hata kuvua aproni. Alimwachia jirani sadini, chewa na mizani, akasema anarudi sasa hivi. Jirani akacheka, maana "sasa hivi" ya Felismina ya siku za Jumanne ilijulikana soko zima. Kwapani alikuwa amebana kitabu kilichofungwa kwa taulo safi.

Mwaka huo wa 1996 alikuwa na miaka hamsini na saba, mjane, mikono mikubwa, mdomo mkubwa zaidi. Na katika Lisbon nzima ni huyu muuza samaki aliyekuwa na vitabu vya mwongozo wa wasafiri wa enzi za ukoloni ambavyo mabwana wenye miwani walivitolea macho. Vya meli za kwenda Goa, vya hoteli za Luanda, vya reli za Msumbiji, arobaini na tatu kwa jumla, pamoja na ramani zake, vyote vimepangwa kwenye kabati la sahani za harusi. Sahani zenyewe ziko chini ya kitanda.

Hakuanza kwa sababu ya usomi. Baba yake, Anselmo, alikuwa mchoraji wa ramani katika kiwanda kimoja cha uchapaji kilichokwisha kufungwa zamani. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Alichora mito na milima ya watu akiwa amekaa kwenye stuli, dirisha linatazama nguo za jirani, na wenye mito yao hakuna aliyewauliza neno. Wachoraji wa kiwanda kile walikuwa na ujanja wao: kwenye kila ramani walitia mahali pa uongo, kijiji au kituo kisichokuwepo, ili kiwanda kingine kikiiba kazi yao kikamatwe nayo mkononi. Mwaka wa 1939, Felismina akiwa bado mchanga, Anselmo alichora ramani ya reli moja ya Msumbiji. Felismina alipofika miaka minane baba alimpakata akamwambia, "Nimekuweka kwenye ramani, binti yangu. Una kituo chako cha treni." Mwaka uliofuata akafa.

"Alikuwa amelewa," ndivyo alivyosema kaka yake, Zeferino, kwa karibu nusu karne.

Huyu Zeferino alikuwa dereva wa tramu, sasa kastaafu, mguu mmoja mbovu, anakaa ghorofa ya juu ya Felismina. Kila Jumapili alishuka kunywa supu ya kabichi na kumchokoza dada yake.

"Mina, kama wewe una kituo, basi mimi ni mfalme wa Hispania."

Siku moja mteja mmoja wa Msumbiji, aliyeipanda reli ile tangu utotoni, alimhesabia Felismina vituo vyote kwa vidole, na chake hakikuwemo. Zeferino aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

"Si ndiyo maana yake!" Felismina alifoka. "Kile kisichokuwepo ndicho ninachokitafuta, kichwa maji wewe!"

Lakini akirudi chumbani kwake ilimuuma. Watoto hudanganywa mambo mengi mapajani, na yeye alitaka kujua kama na hilo lilikuwa uongo. Ramani nyingine zote alizinunua akiitafuta hiyo moja.

Ilichapwa mara moja tu, ikakunjwa na kutiwa kwenye mfuko wa karatasi nyuma ya jalada la kitabu cha mwongozo wa reli ile. Wasafiri wakaichomoa, wakaichafua, wakaitupa. Kila nakala aliyoiona Felismina, mfuko mtupu. Miaka tisa nyuma aliipata moja kwenye meza ya Abílio, muuza vitabu chakavu wa soko la Ladra, lile la vitu vikuukuu la kila Jumanne. Mfuko mtupu vilevile, ila kurasa zake hazijafunguliwa. Vitabu vya zamani huko vilitoka kiwandani kurasa zikiwa bado zimeshikana juu na pembeni, msomaji azikate mwenyewe kwa kisu. Kitabu ambacho hakijakatwa hata ukurasa mmoja, wakusanyaji hukiona dhahabu.

"Mama, hiki ni bikira!" Abílio alimwapia siku ile. "Ukikigusa kwa kisu tu, umekiua."

Basi Felismina, ambaye kila siku ya Mungu anapasua matumbo ya samaki mia, alikaa na kitabu kile miaka tisa bila kukipasua. Alikisoma kwa kuchungulia, akizibana kurasa mithili ya bomba na kutia jicho kwa chini. Alijua hoteli gani ina maji ya moto na kituo gani chai yake ni mbaya. Sehemu ya mwisho, yenye matangazo ya sabuni na kofia, hakuwahi kuichungulia. Sabuni ya mwaka wa arobaini ya nini?

Sasa Abílio alikuwa amempigia simu. Daktari Venâncio ana nakala yenye ramani, na yuko tayari kubadilishana na ile isiyokatwa. Venâncio hakuwa daktari wa kutibu hata kuku, alikuwa mwanasheria, lakini pale kila mwenye digrii ni daktari na ole wako usahau.

Walimngoja kwenye meza ya Abílio, kati ya muuza vitasa na muuza sanamu za watakatifu.

"Bi Felismina, unanukia bahari," Venâncio alisema, akijipepea kwa kofia.

"Nawe unanukia pesa, bwana daktari. Toa ramani."

Venâncio akaitoa taratibu, akaikunjua. Felismina akainama, kidole kikafuata reli kutoka pwani, kituo kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Kisha kidole kikaangukia mezani. Nusu ya ramani haikuwepo, imechanwa kwenye mkunjo.

"Hii nini?"

"Ramani."

"Nusu ramani! Wewe ukiagiza samaki nikakupa mkia utanilipa?"

"Kwa umri wake, bibi, nusu si haba."

"Nusu yangu ndiyo haipo!" Machozi yalimlenga, akayafuta kwa aproni yenye magamba. Alikuwa amekwisha kuuona wino wa baba yake, ule mkono wa kuchora mito kwa mistari myembamba kama nywele, halafu njia imekatwa. Akaanza kukifunga kitabu chake kwa taulo.

"Ngoja, ngoja," Venâncio akaomba. "Angalau nizihesabu kurasa zake. Nikuongezee kitu juu."

Na hapo ndipo penyewe. Mkusanyaji wa kweli hakubali kitabu bila kuhesabu kurasa, na Venâncio alihesabu hata matangazo. Akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akakiinua kitabu, akachungulia kwa chini ukurasa hadi ukurasa, midomo ikicheza. Sabuni. Kofia. Mvinyo. Akaacha kuhesabu.

"Abílio, hebu tazama. Humu kuna karatasi ya rangi nyingine."

Abílio akatazama. Felismina akawasukuma wote wawili, akabana jicho. Ndani kabisa, kati ya tangazo la mvinyo na jingine la sabuni, kulikuwa na karatasi nyembamba iliyokunjwa, yenye ukingo wa buluu. Fundi gani huko kiwandani, sijui kwa haraka ya kwenda kula, aliichomeka kwenye mkunjo badala ya mfuko!

"Mama Maria! Miaka tisa! Miaka tisa nalala nayo nyumba moja!"

"Tulia," Abílio alisema. "Tutaitoa kwa kibanio, polepole, bila kukata."

Akajaribu. Karatasi ikalia kidogo, kumbe imeshikwa na unyevu.

"Itachanika," Felismina akasema, na mkono ukaingia kwenye mfuko wa aproni.

"Bibi, hapana! Nakala isiyokatwa iko hii tu! Nakupa chochote!" Venâncio alipiga ukelele mpaka muuza watakatifu akageuka.

Kisu cha samaki kilipita mara mbili, juu na pembeni, kwa mkono uliozoea. Abílio alifumba macho. Felismina akafungua ukurasa wa sabuni, akaibandua ramani kwa ncha ya kisu kama anayetoa ngozi ya samaki, ikatoka nzima.

Hakumngoja mtu. Kidole kikapanda reli tena, cha nne, cha tano, kikapita pale palipochanika kwenye ile nyingine, na hapo, kwa herufi ndogo ndogo za baba, palikuwa pameandikwa Felismina. Alipiga kigelegele. Akamkumbatia Venâncio na magamba yake yote, suti na kofia, naye akakubali kukumbatiwa. Kisha akainama tena kutazama na kidole kikasogea mbele kidogo tu, akaikunja ramani upesi akaondoka.

Alipanda ngazi za nyumbani mbio, pumzi hana. Zeferino alikuwa dirishani na mguu wake juu ya kiti.

"Haya, mfalme wa Hispania, vaa miwani."

"Umenunua takataka gani tena?"

"Vaa miwani, kaka!"

Akavaa. Felismina akamtandikia ramani mapajani, akamwonyesha kituo chake. Zeferino akalisoma jina herufi kwa herufi.

"Basi hakukudanganya," alisema mwishowe, shingo upande. "Wewe alikuambia. Mimi hakuniambia kitu kamwe."

"Endelea na reli."

Kidole kizee cha dereva kikasogea. Kituo kilichofuata kilikuwa kidogo, karibu na mto, na kiliitwa Zeferino. Wachoraji walitia uongo mmoja kwa kila ramani. Anselmo alitia wa pili.

Zeferino hakucheka wala hakukohoa. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

"Mina," alisema, "hiki kidoti cheusi maana yake nini?"

"Maana yake treni inasimama."

"Na pangu?"

"Na pako pia. Tazama, kidoti hicho hapo."

Akakigusa. Supu siku ile waliinywa juu kwake, ingawa ilikuwa Jumanne, na samaki kule Arroios jirani aliwauza mwenyewe mpaka jioni.