Panya wa Kitale na Munyu wa Misikhu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja mjini Bungoma, nilikabidhiwa trei ya vikopo vya mkojo. Nilikunja pua. Mkuu wa Maabara, mama asiyecheka ovyo, aliniona.

"Mkojo ni habari," akasema. "Kama hutaki habari, rudi kwenu Misikhu ukauze nyanya."

Nilishika kazi. Alinifundisha kutafuta albumini, protini ambayo figo nzima haiiachilii. Sukari ikizidi damuni kwa miaka, huharibu vichujio vya figo, na protini hiyo huanza kuvuja kwenye mkojo kabla mgonjwa hajahisi lolote. Nilizizoea habari hizo mpaka zikawa kazi tu. Kisha nikapima mkojo wa kaka yangu Wanjala, mkulima wa mahindi, aliyekuwa na kisukari siku nyingi. Albumini ilikuwa nyingi. Nilirudia kipimo, haikupungua. Niliogopa, nasema wazi.

Baadaye nilihamia Kitale, kwenye kituo kidogo cha utafiti wa mimea, nikapanga chumba mtaa wa Tuwan. Tulichunguza majani ya kichaka kichungu ambacho wengi wanacho uani. Jina lake silitaji, maana nikilitaja tu watu wanachukua panga kwenda kukikata. Tuliyaanika kivulini ili jua lisiharibu kemikali zake, tukayasaga, tukayaloweka kwenye alkoholi, kisha tukaivukiza alkoholi mpaka kikabaki kiini, kitu cheusi kizito kinachong'ang'ania kijiko. Ndani yake mna flavonoidi, kemikali ambazo mmea hujitengenezea kujikinga. Panya wenye kisukari walionyweshwa kiini hicho, figo zao ziliharibika polepole kuliko za wenzao.

Mtafiti Mkuu, Mkikuyu aliyezaliwa hapo hapo Trans-Nzoia, hakushangilia. "Tumesaidia panya," alisema. "Mtu bado."

Lakini majani mengine tulikuwa tumeyachuma kwa Wanjala mwenyewe, na Wanjala si mtu wa kukaa akingojea panya.

Asubuhi moja mkewe, Nekesa, alinipigia simu. Wanjala, ambaye amekuwa akila yale majani, amelazwa Bungoma. Miguu imeisha nguvu, moyo unapiga hovyo, na damu imeonyesha potasiamu nyingi. Potasiamu ni madini ambayo figo hutoa kwa mkojo. Figo zikichoka, potasiamu hujaa damuni, na ikizidi husimamisha moyo. Nilikimbia kwa Mtafiti Mkuu, Nekesa akiwa bado kwenye simu, nikamwambia majani yetu yanamuua kaka yangu. Hakubishana. Aliniambia niweke simu mezani, sauti juu, akamuuliza Nekesa swali moja.

"Mama, hayo majani unamtengenezea namna gani?"

"Si napika tu kama mboga, bana," Nekesa akajibu. "Iko chungu sana. Ati nitampea hivyo hivyo? Naweka munyu, harafu inalainika."

Munyu, kwa msiokulia kwetu, ni maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Mboga ngumu haipikwi bila huo. Na majivu hayo yamejaa potasiamu. Majani yenyewe yana yake, na munyu ukaongeza juu yake. Mimi nimelelewa na munyu, wala haukunijia akilini.

"Piga simu wodini uwaambie, sasa hivi," alisema Mtafiti Mkuu. Madaktari walikuwa wameshaanza kuishusha potasiamu ile. Sasa walijua pia cha kumkataza. Moyo wa kaka ukatulia.

"Sisi tunaloweka, wao wanapika," Mtafiti Mkuu aliniambia baadaye. "Hizo ni dawa mbili." Tangu hapo hatukuchuma jani kwa mtu kabla ya kumuuliza jikoni kwake linapikwaje. Ninyi mnaoanza kazi hii, anzeni hapo.

Figo za Wanjala hazikurudi. Siku hizi anasafishwa damu kwa mashine. Kule kituoni tulitumia miaka tukikitenganisha kile kiini kujua ni kemikali gani hasa inayofanya kazi, na kama ni salama kwa binadamu. Ni kazi ya polepole, na inapaswa kuwa hivyo. Akitoka kwenye mashine kaka alikuwa akinipigia simu: "Panya wangu wako aje?" Nami nilimjibu kwamba wako sawa.

Nilipostaafu nilikunywa soda na wenzangu, nikarudisha ufunguo wa chumba cha panya, nikaenda moja kwa moja Misikhu. Nekesa alitupikia kunde zilizochemshwa na kumwagwa maji ili potasiamu ipungue, bila munyu. Wanjala alizitafuna kama mtu anayetafuna karatasi.

"Sasa dada, ile dawa yenyu imefika wapi?"

"Bado iko kwa panya, kaka."

Alimeza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Na vile umetoka," akasema, "nani ataniangalilia hao panya?"