Neno la Afande

Hadi leo nikinusa mafuta ya taa, naona herufi. Baba aliyauza mafuta hayo katika kiduka chetu Kisugu, na vigae vya herufi vya mchezo wetu wa kupanga maneno vilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga pembeni mwa pipa, kwa hiyo kila A na kila Z ilinuka mafuta hayo. Tulikuwa Wakenya, tulioingia Kampala vita vilipotulia, kuta zikiwa bado na matundu ya risasi. Jioni wateja wakipungua, Baba alinifundisha maneno ya Kiingereza ambayo sijawahi kumsikia Mwingereza akiyatamka. Zarf, kishikio cha kikombe cha kahawa kisicho na mkono. Zax, kifaa cha kukatia mawe ya kuezekea paa, ingawa sisi tuliezeka mabati. Cwm, bonde la milimani, neno lisilo na irabu hata moja. Koph, herufi ya Kiebrania, aliikuta katika Zaburi. Qat, aliniambia akicheka, ndiyo mairungi, miraa wanayotafuna vijana wa boda boda. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na niliyapenda maneno hayo kuliko pipi. Baba alikuwa na sheria moja tu: kamusi ndiyo hakimu. Neno limo au halimo. Hata yeye akikosea, aliondoa vigae vyake bila kunung'unika.

Jumapili, tukitoka kanisani, alikuja Afande. Nilimchukia, na sina haja ya kulipamba hilo. Alikuwa polisi aliyepanga nyumba iliyo nyuma yetu, akaketi kwenye kiti cha Mama bila kukaribishwa, akala firigisi ya Baba na kupangusa vidole kwenye kitambaa cha meza. Alicheza kwa kugonga vigae kama anayepiga mtu. Akikosa neno, alibuni lake na kulipatia maana papo hapo, na Baba, yule yule wa zarf na cwm, akaitikia kwa kichwa na kumwandikia alama. Kila Jumapili Baba alishindwa. Mwaka ule serikali zetu mbili zilikuwa zimenuniana, na Wakenya tukaitwa wapelelezi. Fundi saa wa chumba cha tatu, mwenzetu, alibebwa kwenye gari asubuhi moja, na mkewe akawa anashinda kwenye lango la gereza la Luzira akiuliza. Afande ndiye aliyewaambia wenzake mlango upi waupite bila kubisha. Hayo niliyajua. Nilichokuwa sijui ni kwamba ulinzi wetu ulilipiwa pale mezani.

Nikajua siku alipopanga ZANK, Z ikiangukia penye alama mara tatu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Baba. Nikasema neno hilo halimo.

"Iko!" Afande akasema. "Zank ni ile kelele bunduki nafanya kama risasi nakwama. Wewe toto najua bunduki?"

Nikakimbia kuleta kamusi. Nikaifungua kwenye Z, nikaiweka mbele ya Baba na kidole changu juu ya ukurasa. Afande hakuiangalia. Alimwangalia Baba.

"Mukenya, toto yako naniita mwongo?"

Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi, hasogei. Baba akavaa miwani, akausoma ukurasa ule taratibu, kisha akaifunga kamusi.

"Limo," akasema. "Piga magoti, umwombe Afande radhi."

Nyumbani kwetu hatukuwa na desturi ya kumpigia mtu magoti. Nilipiga. Sakafu ilinuka mafuta ya taa, na viatu vya Afande vilikuwa usoni pangu, vimepakwa rangi vizuri sana. Wiki hiyo hiyo gari lilirudi na kuwachukua ndugu wawili waliouza nyanya mkabala nasi. Mlango wetu haukubishwa. Mama akaniambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Methali hiyo naichukia hadi leo. Walioitunga hawakuambiwa wabusu mbele ya watoto wao. Baba hakunifundisha neno jingine tena, nami sikumwomba.

Kiduka sasa ni saluni, na Afande alihamishwa zamani. Kama yu hai, simtakii heri. Mchezo uko kwenye simu. Binti yangu hupanga maneno ambayo hata maana yake haulizi, na simu hukubali au hukataa bila kumwogopa mtu. Mwaka jana Baba, aliyerudi kwao uzeeni, alikuja kutoka Kenya kutibiwa macho, tukakaa wawili uani, upepo wa ziwani ukileta harufu ya majani mabichi. Nikampa simu aone. Kisha, kwa ubaya wa makusudi, nikairudisha mikononi mwangu, nikapata herufi nilizozingoja mchezo mzima, nikapanga Z, A, N, K. Sikubonyeza. Nilimsogezea uso wa simu karibu na jicho lake zima.

Akazifuata herufi moja moja kwa kidole.

"Hilo halimo, mama," akasema.

Maneno ambayo nimeyasubiri tangu nikiwa na miaka kumi. Angeyasema Jumapili ile, nina hakika wangemchukua. Najua hilo kama ninavyojua jina langu. Na bado nilitaka ayaseme.