Fremu ya Inchi Kumi na Nane

Mshawahi kukwama juu ya baiskeli? Sisemi baiskeli imekwama. Wewe mwenyewe, uko juu yake, na huwezi kushuka.

Mimi yalinikuta Jumamosi moja asubuhi, nimekumbatia ukuta wa tangi la maji mbele ya baba wa mchumba wangu.

Ngoja nianze mwanzo, msinicheke kabla ya wakati.

Mimi ni mfupi. Haya, nimesema. Mchumba wangu, fundi cherehani, ananizidi kidogo, na miaka miwili yote nilivaa viatu vya soli nene, ndani nimeongeza soli nyingine. Kwao nilikuwa sivui viatu, nasingizia sakafu ina baridi.

Baba yake ni mpima ardhi mstaafu, sauti nzito, hana utani. Nilipopeleka posa akaniambia, "Mambo ya mwanangu siyaongelei sebuleni. Tafuta baiskeli ya milimani tupande kilima wote. Tukifika juu nitakupa jibu."

"Sawa, baba."

Mchumba akanipeleka kwa fundi baiskeli wa baba yake, mama mmoja wanamwita Mama Spoku. Hakunisalimia vizuri hata.

"Vua viatu, simama ukutani, bana hiki kitabu katikati ya mapaja."

"Cha nini tena?"

"Nipime mguu, kutoka kitabuni mpaka sakafuni. Fremu inachaguliwa kwa mguu. Ukisimama na baiskeli, kati yako na bomba la juu la fremu vipite vidole vinne. Visipopita, siku ya breki ya ghafla utanikumbuka."

Kuvua viatu mbele ya mchumba? Thubutu.

"Hakuna haja," nikasema, shingo nimeikaza. "Mimi ni mita moja na sentimita sabini na nane."

Mama Spoku akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye soli. Kwenye soli akakaa sana.

"Mteja ndiye anayeujua mwili wake," akasema, akanipa fremu ya inchi kumi na nane, ya watu warefu.

Jumamosi ikafika. Usukani ulikuwa mbali, nikawa naendesha nimelala kifudifudi. Kila tukisimama nawahi ukuta naushika, nakaa palepale juu, najifanya nafurahia mandhari.

Bahati yangu, mzee alikuwa anapumzika penye kuta tu. Ukuta wa shule, ukuta wa ghala, mwisho ukuta wa tangi la maji, juu kabisa. Akaegemea upande wake, nami nikaegemea wangu.

"Haya, shuka tuongee," akasema.

"Tangulia wewe, baba. Heshima."

"Hapana. Wewe ni mgeni."

Jasho linanitoka. Nikaangalia chini kwa aibu, na ndipo nilipoviona viatu vya mzee.

Vilikuwa vinaning'inia hewani kama vyangu.

"Baba," nikauliza polepole, "wewe ulimwambia Mama Spoku una urefu gani?"

Akakohoa. "Mita moja na themanini."

"Lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Mtu aliyepima mashamba ya watu maisha yake yote. Miaka sita anapanda kilima kwa kufuata kuta, na wenzake wanadhani anapenda vivuli.

"Ukimwambia mtu," akasema, "posa sahau."

"Nimwambie nani, baba, na mimi niko hapa?"

Tukahesabu moja, mbili, tatu, tukashuka pamoja. Yaliyotupata kwenye lile bomba la juu hayaandikiki. Tulikaa chini dakika kumi bila kutazamana.

"Posa nimeikubali," akasema mwishowe, kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia tena.

Tulirudi kwa Mama Spoku tunachechemea, baiskeli tunazisukuma. Tukavua viatu wenyewe, hatujaambiwa, tukabana kitabu kwa zamu. Mimi sentimita sabini na mbili, mkwe wangu sabini na moja. Niliringa kidogo, siwafichi.

Mama Spoku hakushangaa. Akanyoosha kidole darini. Zilining'inia fremu mbili za inchi kumi na tano, moja imejaa vumbi, nyingine mpya inang'aa.

"Yenye vumbi ni yako, mzee. Nilijua utarudi, ila sikujua utachukua miaka sita."

"Na hii mpya?" nikauliza.

"Mchumba wako alirudi jioni ileile kuniachia kipimo chako. Sabini na mbili kamili."

"Kakitoa wapi? Sijawahi kuvua viatu mbele yake."

Mama Spoku akanitazama kwa huruma. "Suruali zako nani anakupunguzia miguu?"

Miaka miwili nampelekea suruali mwenyewe, kwa mkono wangu, na kila moja anaikata kiganja kizima. Alijua tangu suruali ya kwanza, na bado alinikubali.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kununua baiskeli, vua viatu, bana kitabu, kubali namba inayotoka. Na kama lazima udanganye urefu wako, basi usichumbie fundi cherehani.