Nyusi za Bibi Silabi

Mke wangu hakusomea ualimu. Aliuza vitambaa dukani maisha yake yote, na alipostaafu alikuja nyumbani na rula ya mbao aliyokuwa akipimia, pamoja na tabia ya kutosamehe hata sentimita moja. Rula hiyo sasa inawaonyesha herufi watoto wa mtaa mzima. Kila alasiri wanajaa sebuleni kwangu, wanavua viatu mlangoni na kuviacha vimezagaa ili nijikwae vizuri, kisha wanaanza: ba, be, bi, bo, bu. Wanamwita Bibi Silabi. Mimi wananiita Babu Redio, ingawa tangu waanze kuja sijasikiliza taarifa ya habari hata moja ikafika mwisho.

Kama unadhani kufundisha watoto kusoma ni kazi ya upole, njoo ukae kwenye kiti changu. Mke wangu anauliza, "Ukuta mmoja, zikiwa nyingi?" Wanajibu kwa sauti moja, "Makuta!" "Jino?" "Majino!" Anawaeleza taratibu kwamba chumba kinakuwa vyumba na chakula kinakuwa vyakula. Wanaelewa, wanafurahi, na papo hapo chungwa linakuwa vyungwa na chupa inakuwa vyupa. Anafuta, anaandika, anafuta tena. Vumbi la chaki limeingia mpaka kwenye mito ya makochi, na nikilalamika naambiwa nikae jikoni.

Lakini aliyetutoa jasho hasa ni Chiriku. Jina hilo tulimpa sisi, maana mdomo wake haupoi. Baba yake ni fundi vioo, analea watoto wake wawili peke yake, na karakana yake iko upande wa pili wa mji, ambako sisi hatuna shughuli. Shule ilikuwa imemwambia wazi: Chiriku asipojua kusoma kufikia mwisho wa muhula, atarudia darasa la kwanza, na mdogo wake anayeanza shule mwakani atakuwa naye darasa moja.

Chiriku mwenyewe hakulia. Ila siku moja aliuliza, katikati ya silabi, "Bibi, mdogo wangu nikikaa naye dawati moja, bado ataniita dada?"

Mke wangu alikohoa, akaangalia dirishani. Tangu siku hiyo nyumba yangu haikuwa na amani.

Chiriku alisomeshwa kabla ya wenzake na baada ya wenzake. Alisomeshwa huku akinywa chai. Hakuna lililoingia. Kisha baba yake, kwa shukrani, akatuletea kioo kikubwa na kukitundika ukutani mbele ya meza ya kusomea, na Chiriku akaanza kusoma kama kasuku aliyefunguliwa mdomo! Mke wangu alisimama nyuma yake, rula juu ya bega la mtoto, na maneno yakawa yanakuja. Anakosea kidogo, anajirekebisha mwenyewe, anaendelea. Mke wangu alinipikia chakula kizuri wiki nzima, akiimba.

Mimi ndiye niliyeharibu sherehe. Kutoka kwenye kiti changu niliona kwamba kila baada ya neno, macho ya Chiriku yanaruka kutoka kitabuni hadi kwenye kioo. Na ndani ya kioo kulikuwa na nini? Nyusi za mke wangu. Nazijua nyusi hizo, nimeishi nazo tangu ujana. Ukikosea zinapanda, ukipatia zinashuka. Mimi mwenyewe nimeponea hapo mara nyingi. Mtoto hakuwa akisoma kitabu hata kidogo, alikuwa anamsoma mke wangu.

"Nyusi zangu zina nini?" aliniuliza nilipomwambia, na zikapanda.

"Si hizo hapo," nikasema.

Hakunisemesha mpaka kesho yake. Kisha alikigeuza kioo kikatazama ukuta, akamwambia Chiriku asome. Mtoto ambaye hajawahi kunyamaza alinyamaza. Aligeuka kumtafuta bibi, akakuta bibi amejifunika uso kwa kitambaa. Akanigeukia mimi, nikajificha nyuma ya gazeti. Basi akaangua kilio, na muhula ulikuwa unakaribia kwisha.

Tulianza upya, a, e, i, o, u. Nilichoka mimi niliyekaa tu, sembuse yeye. Neno lililotushinda kabisa lilikuwa kioo. "Kikiwa kimoja ni kioo. Vikiwa viwili?" "Vyoo!" Mke wangu alipiga meza kwa rula. "Chiriku! Hiyo ni kazi ya baba yako! Baba yako anafunga vyoo?" Akaandikishwa vioo, vioo, vioo, mpaka nami nikawa naviona nikifumba macho.

Kwa bahati mbaya fundi naye siku hizo alikuwa na yake. Kila jioni akija kumchukua mtoto alifika amenuna. "Mzee, sijui watu wana nini. Tangu niweke bango jipya, vioo hakuna anayeulizia. Wananiuliza masinki na mabomba. Jana mtu kaniletea mfuniko wa choo! Kuna mtu ananichezea, haki ya Mungu."

Tulimpa pole. Nani angewaza zaidi ya hapo?

Jumamosi moja fundi alichelewa, giza halijaingia bado, tukaamua kumpeleka Chiriku wenyewe. Nilikwenda shingo upande, miguu inauma. Karakana ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, na juu ya mlango bango refu, herufi nyekundu. Mke wangu hawezi kuona maandishi yakapita bure.

"Haya, Chiriku. Soma."

Chiriku akainua kichwa. "Tu-na-fu-nga. Tunafunga." Akahamia neno linalofuata. "Vyo-o. Vyoo."

Nyusi zikapanda.

"Tumesema nini kuhusu neno hilo? Angalia tena!"

Mtoto aliangalia bango. Akaziangalia nyusi. Zilikuwa zimepanda juu kabisa, na mimi nikajua kwisha kazi, sasa atabadilisha, atasema chochote kile mpaka zishuke. Nilikasirika hata nikataka kuondoka.

"Hapana, bibi," akasema. "Pale kuna y. Imeandikwa vyoo. Vyoo vya aina zote."

Mke wangu akafungua mkoba, akatafuta miwani, akaivaa. Alilitazama bango muda mrefu. Kisha nyusi zake zikashuka taratibu, akamvuta yule mtoto na kumkumbatia pale pale barabarani, bila kujali vumbi la chaki nguoni mwake.

Fundi akatoka, mikono ina vumbi la vioo. "Kuna nini?"

"Baba, bango lako linasema unafunga vyoo," Chiriku akamwambia. "Toa y, weka i."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini fundi hakucheka, alibaki ameinua uso, anahangaika na zile herufi nyekundu. "Mchoraji aliniuliza kama iko sawa," akasema. "Nikamwangalia usoni, nikaona anatabasamu. Nikamwambia iko sawa." Kisha akainama kwa binti yake, na kwa sauti ya chini ambayo hakutaka sisi tuisikie akauliza, "Y ni ipi?"

"Ile iliyo kama manati, baba. Ile pale."

Chiriku alisoma mbele ya mwalimu wake, ukurasa mzima, na mwakani anaingia darasa la pili. Nilidhani sasa nitapumzika. Lakini alasiri iliyofuata nilirudi kutoka dukani, nikasikia sebuleni ba, be, bi, bo, bu, na sauti moja nzito inayochelewa kidogo nyuma ya zile nyembamba. Mlangoni, kati ya viatu vidogo, kulikuwa na buti mbili kubwa za kazi. Nikajikwaa.